Titi Lililotoka Tumboni

Ochieng' wuoda, mwanangu,

Salamu nimezipunguza, maana tumeachana mchana huu tu mlangoni, wewe ukienda kwa kinyozi na mimi nikikupigia kelele usikubali wakuchore ile mistari kichwani. Mtu anaenda kuanza kazi Lodwar, haendi kucheza mpira. Nimekaa mezani, samaki wa leo wameisha, jua bado liko juu ya ziwa, na nimejipa muda mpaka utakaporudi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Dholuo nikiandika nitalia, na Kiingereza nikiandika utanisahihisha.

Mambo ya kila siku sitakufundisha. Kufua unajua, ugali unasonga kunishinda, na kanisa utalitafuta mwenyewe ukianza kukosa nyimbo. Kutengeneza friji na mashine za barafu ndiyo kazi uliyosomea, mimi ninachojua ni kwamba zikiharibika samaki wananuka. Ninachotaka kukuambia kiko kifuani kwangu, upande wa kushoto. Na usianze kuona haya. Wewe ndiye uliyeninunulia sidiria ya kwanza nilipotoka hospitali, ukamwambia yule mama wa mitumba Kibuye, "Nataka ya mamangu, pande mbili zisizolingana," mpaka akakufukuza akidhani unamfanyia mzaha. Mimi na wewe haya tulishayamaliza zamani.

Basi sikiliza. Jana nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya jiko, na wewe unaongea na Mama Benta, jirani yetu huyu tunayekaanga naye samaki hapa Kisian kando ya barabara ya Busia, mtu ambaye ukimpa siri ni afadhali uitangaze redioni upate angalau muziki. Ulimwambia, "Naenda tu kuona. Nikiona Mama hayuko sawa, mwisho wa mwezi nimerudi."

Yawa! Ati kuona! Kwani Lodwar ni twiga? Watu wamekuita kazini, wamekungoja umalize mtihani, wamekuandalia mahali pa kulala, na wewe unaenda huku mkono mmoja umeshika mlango wa nyumba yangu. Na hii ni mara ya pili. Kazi ya Eldoret uliiacha hivi hivi. Ukiiacha na hii, hakuna atakayekuita tena, na mimi nitabaki na mwanaume mwenye ndevu anayelala sebuleni kwangu akisikiliza kama napumua.

Maana hapo ndipo tulipofika. Una simba yako pale karibu na lango, nyumba yako ya ujana, uliijenga na baba yako mwaka ule ule nilioanza kuugua, mlango mkaupaka rangi ya buluu mpaka mikono yenu ikakaa buluu wiki nzima. Kijana wa Kijaluo akishaanza kuota ndevu halali tena nyumbani mwa mamake. Hilo hata mtoto wa chekechea hapa Kisian atakuambia. Lakini tangu nitoke hospitali godoro lako liko kati ya kabati langu na cherehani, na katika simba wanalala kuku. Mwanzoni hakuna aliyeuliza, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa. Sasa mama anauza samaki, anaimba kwaya, anagombana na askari wa kanjo, na watu wameanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa ni wewe.

Sasa nitakusimulia habari za titi hili mpaka mwisho, maana wewe unaijua sehemu ya hospitali tu, na naona hapo ndipo ulipokwama.

Walipolitoa lile la kwanza, lenye saratani, nilisema mimi ni mtu mzima, nimeshanyonyesha, baba yako hana malalamiko, nitakaa hivyo hivyo. Nilikaa. Lakini mteja akija kuuliza bei ya ngege, macho yake yanakwama kifuani, na bei nikimtajia haisikii. Nikashona kifuko cha kitambaa. Sponji niliijaribu ikakataa, ni nyepesi, inapanda taratibu mpaka unaikuta begani. Nikajaza ndengu. Ndengu zina uzito wa heshima, Ochieng'. Zilikaa pale nilipoziweka na mimi nikatembea kifua mbele kama mke wa chifu.

Kosa langu ni kwamba nilisahau ndengu ni mbegu. Ule msimu wa mvua nilinyeshewa ufuoni Dunga nikinunua samaki, nikaja kukaa kando ya jiko nikakauka juu juu, kesho nikanyeshewa tena. Jumapili niko kanisani, katikati ya wimbo, naona kifua kinawasha. Najikuna kidogo kidogo kwa adabu. Mama Benta, amesimama nyuma yangu, akavuta kitu kwenye kola ya blauzi yangu, akakiangalia kwenye mwanga, akaninong'oneza, "Mama Ochieng', umeota."

Kilikuwa kichipukizi cheupe, kirefu kama kidole. Safu yote ya sauti ya kwanza ilicheka, na mimi nikacheka kuliko wote, mpaka nikalazimika kutoka nje. Huko nje nilicheka tena, halafu nikaona machozi yenyewe si ya kicheko tena. Nilikaa chini ya ukuta wa choo cha kanisa nikalia mpaka ibada ikaisha. Sikulia kwa sababu ya aibu ya ndengu. Nilikuwa nimechoka kutengeneza mwili wangu kila asubuhi kwa vitu vya jikoni. Kesho yake nikamwambia baba yako twende kwa daktari.

Daktari akasema titi linaweza kujengwa upya kwa nyama yangu mwenyewe, inatolewa chini ya kitovu, ngozi na mafuta pamoja na mishipa yake ya damu, inapandwa kifuani, mishipa inashonewa kule ili ipate damu iishi. Halafu akanifinya tumbo kama mtu anayechagua parachichi, akasema, "Hapa ipo ya kutosha, tena inabaki." Wuoda, nilijisikia vizuri! Maisha yangu yote kitambi hiki kimesemwa, na hapo kuna mtu aliyesomea Ulaya anakisifu. Baba yako aliuliza swali moja tu siku hiyo. "Daktari, na kitovu kitaenda wapi?" Daktari akamwambia kitatobolewa tundu jipya. Kilitobolewa, na mpaka leo kiko upande kidogo, kama kinachungulia kwa jirani.

Unajua baba yako ni fundi wa mashua, kazi yake iko Usenge, nyumbani anakuja mwisho wa wiki. Bandeji zilipoondolewa alivaa miwani, akainama, akaufuata ule mshono kutoka nyonga hii mpaka nyonga ile kwa kidole. Mwishowe akasema, "Huyu ni fundi. Hapa maji hayaingii." Hakuna maneno ya mapenzi niliyowahi kuambiwa yakanifikia kama hayo. Jioni moja baadaye, na mstari huu unaweza kuuruka, aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kuomba kazi, "Sasa hili nilishike kama titi ama kama tumbo?" Nikamwambia achague mwenyewe.

Kumbe swali lake lilikuwa na maana, kwa sababu lenyewe pia halijaamua. Daktari alinieleza kwamba yale mafuta hayasahau yalikotoka, nikinenepa nayo yananenepa. Mimi nikaona ni maneno ya kunizuia chapati. Ile Krismasi tuliyochinja mbuzi wawili nikala bila breki, Januari sidiria ya kushoto ikakataa kufunga. La kulia limekaa vile vile, limezeeka na linajua linazeeka. La kushoto linashiba na kuvimba kama mtoto wa tajiri. Siku hizi nikitaka kujua kama nimezidisha kula sihitaji mizani, naangalia nani ametangulia mlangoni.

Na tumbo lilipokuwa bapa, majirani nao. Nusu walisema nimeenda kujikata ili nionekane msichana. Nusu waliona nimekonda, wakaanza kuniletea maziwa, ndizi na maombi. Mama Benta peke yake ndiye aliyekuja wazi wazi, akaniomba namba ya daktari. "Mwambie hili langu alitoe lote," akasema, akijipiga tumbo, "aliweke huku nyuma." Nilimwambia hiyo ni idara nyingine. Bado ananidai hiyo namba.

Haya ndiyo ya kucheka. Sasa nije kwa yale uliyoyaona wewe, ukaogopa.

La kwanza ni karai. Niliambiwa nisinyanyue kitu kizito mpaka tumbo lishikane. Nikatii vizuri sana nikiwa nyumbani. Halafu nikaenda Usenge kuchukua dagaa wa omena, na wanawake wa kule ni wanawake niliokua nao, wote wamesimama ufuoni wananitazama waone kama Nyar Usenge, binti wa kwao, amekwisha. Nikainama, nikabeba karai limejaa, nikaliweka kichwani, nikatembea nalo. Walipiga vigelegele! Na mimi huku ndani nasikia kitu kinaachia taratibu, kama leso kuukuu inapochanika. Lile vimbe lililotoka chini ya kitovu uliliona mwenyewe. Nikarudi kwa daktari, akanishonea wavu ndani ili ukuta wa tumbo usimame. Baba yako alipoambiwa ni wavu alitaka kujua matundu yake ni ya ukubwa gani, kama ni halali kisheria.

Kuanzia siku hiyo ukanipokonya kila kitu. Karai ukabeba wewe, mtungi wewe, gunia la makaa wewe. Nilishukuru, na bado nashukuru. Lakini siku moja nilinyanyua kikombe cha chai na ukaruka kutoka kwenye kiti. Kikombe, Ochieng'.

La pili ni mafuta. Kile kifua kipya hakisikii. Ukikigusa najua umenigusa kwa sababu nimekuona. Waliniambia pengine hisia itarudi kidogo kidogo kwa miaka, na pembeni huku karibu na kwapa imerudi kweli, naisikia kama mtu anaongea chumba cha pili. Katikati kimya. Basi ile siku nakaanga, wateja wamejaa, nasikia harufu ya kuungua, na mimi kwa mdomo huu nikakurukia: "Ochieng', unaunguza samaki za watu! Akili yako iko wapi?"

Ukaangalia sufuria, ukaniangalia mimi. "Mama, samaki ziko sawa. Ni wewe unaungua."

Mafuta yalikuwa yamerukia blauzi, kitambaa kinafuka moshi, na mimi nimesimama nimeshika mwiko nikiwa tayari kukuchapa nao. Watu walicheka kwa jinsi ulivyosema. Wewe hukucheka. Ulinimwagia ndoo nzima ya maji na samaki yote ikalowa. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona, maana ngozi ile ni ya kupandwa, haina haraka. Na uso wako siku ile ulikuwa ule ule niliouona nilipofungua macho baada ya upasuaji, mtoto wa sekondari amesimama miguuni pa kitanda ameshika sweta yangu.

Mimi nilijifunza, sijui kama wewe uliona. Miaka yote mwili ulikuwa ukinipigia kelele kabla sijaumia, nikazoea. Sasa kuna sehemu haipigi kelele, basi naiangalia kwa macho. Baba yako alinishonea aproni ya turubai la mashua, nzito, mbaya, naonekana nimefunikwa nisinyeshewe. Maji ya kuoga napima kwa mkono wa kulia. Chupa ya maji moto silali nayo. Jua la Dunga likiwa kali nafunika. Si kazi kubwa. Ni kama kuwa na mtoto mpole asiyelia, unajizoesha kumtazama.

La tatu ni simu, na hili ndilo lililokurudisha kutoka Eldoret, kwa hiyo nalisema polepole.

Hakuna mwanamke wa samaki asiyeweka ofisi yake kwenye sidiria. Noti upande wa kulia, simu upande wa kushoto. Hivyo ndivyo mamangu alivyonifundisha, ingawa yeye hakuwa na simu, aliweka ugoro. Nilipopona niliendelea vile vile, mkono unaenda wenyewe. Siku ile tulikuwa Usenge kumzika mjomba wangu. Kwa heshima ya msiba nikaizima simu sauti, nikaiacha itetemeke tu, nikaisokomeza kushoto. Na ikatetemeka! Ulipiga asubuhi, ukapiga mchana, ukapiga jioni, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki na simu inahangaika juu ya nyama isiyosikia hata kidogo. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama nyumba ile ina jenereta. Nikamwambia sijui, mimi siku hizi ni mgeni wa upande huu.

Baadaye simu ikaisha chaji, ya baba yako ilikuwa imezimwa kwa heshima hiyo hiyo ya msiba, na mimi nikalala zangu.

Asubuhi yake ukatokea na begi mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Umesafiri usiku kucha, umepita Kisian ukakuta nyumba imefungwa, Mama Benta ndiye aliyekuelekeza. Ulinikuta nakula ugali na waombolezaji, nacheka jambo fulani na mdomo umejaa. Ulisimama. Halafu ukakaa chini, mchangani, ukalia kwa sauti kubwa, mabega yanatikisika. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Huyu kijana alimpenda sana marehemu." Wakakuletea kiti, wakakupa soda, na kwenye hotuba mjane akakutaja jina. Wewe ambaye mjomba yule mara ya mwisho mlionana alikufukuza na fimbo.

Tumeicheka hiyo miaka. Nacheka hata sasa naandika. Lakini Eldoret hukurudi tena. Ulisema kazi haikuwa nzuri, bosi alikuwa mkali. Nilikubali maneno hayo kwa sababu nilikuwa nimefurahi kukuona. Simu siku hizi iko mfuko wa aproni, na kama hujaridhika muulize Mama Benta, yeye husikia ikilia kabla yangu na hunipokelea bila kuombwa.

Sasa unaona shida yangu na wewe? Kila nilipokosea, mimi nilijifunza namna ya kuishi na huu mwili, na wewe ukajifunza kuogopa. Tumesoma darasa moja tukatoka na vyeti tofauti.

Watu huniuliza, "Mama Ochieng', ulipona?" Zamani nilikuwa nasema ndiyo kwa haraka ili waondoke. Ukweli ni huu. Asubuhi siamki wima, najigeuza ubavu kwanza, nasukuma kwa kiwiko, natoka kitandani kama gunia linaloteremshwa kwa lori. Nikipiga chafya nashika tumbo. Wakati wa baridi titi hili linakuwa baridi kuliko mimi. Mtu akinikumbatia nasikia upande mmoja. Hayo hayataisha, na mimi sina vita nayo. Lakini kuna siku naamka, nanunua samaki, nagombania bei, nakaanga, nauza, naenda mazoezi ya kwaya, narudi, navua nguo nioge, ndipo nakumbuka, kumbe niko hivi! Siku nzima sikuwa nimewaza. Siku ya kwanza ya namna hiyo nilikaa kwenye ndoo bafuni nikamshukuru Mungu kwa kunisahaulisha. Sasa ziko nyingi, sizihesabu tena. Wewe peke yako katika boma hili ndiye hujawahi kusahau hata siku moja.

Na kuna kitu sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako, ingawa miwani yake inaona kila kitu. Ile ngozi waliyoitoa tumboni ilikuwa na michirizi. Niliipata nikiwa na mimba yako, maana ulikuwa mkubwa, ulikaa ndani kama hutaki kutoka, ulinivuta ngozi mpaka ikachorwa mistari. Daktari alipoihamisha ngozi, mistari ikahama nayo. Sasa iko hapa juu kifuani, naiona nikifunga vifungo vya blauzi. Mahali palepale palipokubeba wewe ndipo walipochukua nyama ya kunitengeneza. Kwa hiyo usije ukafikiri hujanifanyia kitu ukienda mbali. Ulishanisaidia kabla hujazaliwa, bila hata kuombwa, tena ukiwa umelala.

Najua swali lako. Huliulizi, lakini nalisikia usiku ukigeuka geuka kwenye hilo godoro. Je, ikirudi? Ochieng', inaweza kurudi. Sitakudanganya kwa sababu unasafiri. Kila mwaka naenda kupimwa, naenda na Mama Benta, yeye anasema ananisindikiza lakini nimeona anavyomvizia daktari wa upasuaji. Ikirudi nitakupigia mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla sijatoka kwenye lango la hospitali. Naapa mbele za Mungu, na unajua siapi ovyo. Lakini haitaharakisha kuja kwa sababu uko Lodwar, na haitachelewa kwa sababu unalala sebuleni.

Yule mama uliyemwona kitandani na mipira imetoka pande zote, unayemlinda mpaka leo, hayupo tena. Alipona akaenda zake. Aliyebaki ni mimi, mwenye titi la tumbo, wavu ndani na kitovu cha pembeni, na nina njaa ya kukuona umekuwa mtu. Nakupenda mpaka nakasirika. Ukirudi mwisho wa mwezi na lile begi mgongoni, nitakupa chakula, maana mimi ni mama, lakini utavunja kitu ndani yangu ambacho hakuna fundi wa kukishona.

Sasa mwisho. Ukirudi kutoka kwa kinyozi utaingia sebuleni utaona kati ya kabati na cherehani pako wazi, na Mama Benta atakuelekeza huku simba, ninapokuachia barua hii. Usipige kelele za mwizi. Ulipogeuka tu kona nililikunja godoro lako, nikalifunga na leso mbili, nikaliburuta mpaka simba. Sikunyanyua, niliburuta, nikipumzika nilipochoka, kama nilivyofundishwa. Mama Benta alitaka kusaidia nikamkatalia, akabaki anatembea kando yangu akinitolea pole za bure. Kuku nimewafukuza. Nimefagia, nimetandika shuka safi, dirisha nimelifungua harufu itoke. Barua unaisoma ukiwa umekaa juu ya kitanda chako, katika nyumba yako.

Kesho utatoka kwa mlango wako mwenyewe, baba yako atakuja na boda ya alfajiri kutoka Usenge, na tutakusindikiza mpaka langoni kama wazazi wa mwanaume mwingine yeyote. Chakula cha jioni nimekuachia mezani, njoo ule, tuombe, kisha urudi huko huko. Mimi mlango nitaufunga kwa komeo, kwa ndani, kama watu wengine wa boma hili.

Na usiku huu ukinisikia nakohoa, lala.

Mamako,
Nyar Usenge